Amplifaya Mbili kwa Spika ya Kaka

Swahiba, nimeiunguza. Ile spika ya besi kwenye gari la marehemu kaka. Imeungua kabisa.

Mama alisema anatamani kulisikia tena likinguruma uani, kama kaka alipokuwa akirudi kutoka kazini. Amplifaya yake ilikuwa imechoka, nikaongeza ya pili. Kumbe spika ile ina koili mbili, zile nyaya zilizozungushwa ndani yake, na kila amplifaya hutaka koili yake. Mimi nimeziunganisha zote mbili kwenye koili moja.

Ikanguruma mara moja tu, madirisha yakatetemeka. Mama akatoka jikoni mbio, mikono imejaa povu. "Umerudi, baba?" Ndivyo alivyokuwa akimwita kaka.

Moshi ukafuka, spika ikanyamaza. Akaniona mimi.

"Kumbe ni wewe," akasema taratibu, akarudi ndani.

Ndivyo alivyosema, swahiba: kumbe ni wewe. Hakuuliza hata moshi ule ni wa nini.