Gari Halikuibwa, Lakini Situlii

Jumatano. Wingu limejaa juu ya mji wetu wa Koboko tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Nimekaa, nimesimama, nimefagia duka lililokwisha kufagiliwa.

Leo mchana mtu alijaribu kuiba gari langu, lile ninalobebea vitenge kutoka Arua. Nililiacha nyuma ya soko. Niliporudi nikakuta mlango uko wazi, hakuna kioo kilichovunjwa wala mkwaruzo, na ufunguo mpya umechomekwa kwenye swichi. Mwizi mwenyewe ametimua mbio.

Nikamwita fundi. Akauzungusha ule ufunguo: injini ikanguruma kidogo, ikazimika.

"Mama, hii funguo mutu alichonga kufuata ile yako," akasema. "Mlango inafungua. Lakini chipu haiko ndani, gari inakataa."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba gari lina imobilaiza. Kichwani mwa ufunguo wangu kuna chipu ndogo, na gari lisipoitambua linakata mafuta. Chuma utachongewa popote, chipu si rahisi hivyo. Nilicheka peke yangu nikilipigapiga boneti kwa kulishukuru.

Halafu kicheko kikakatika.

Anayechonga ufunguo lazima aushike ule wenyewe kwanza. Wangu hautoki mkobani. Mwezi huu nimempa mtu mmoja tu: Asiku, mdogo wa mume wangu, alipompeleka mama mkwe hospitali Arua. Alikaa na ufunguo huo kutwa.

Asiku! Aliyenifundisha kuendesha. Watoto wangu wanamwita baba mdogo na kumrukia mabegani. Labda aliuacha kwa waosha magari. Labda aliuangusha, mtu akauokota akamrudishia. Kila nikipata sababu napumua, kisha inaniponyoka.

Jioni amepiga simu, kwa sauti yake ile ile ya siku zote. "Shemeji, kesho nakuja kuchukua gari. Mama iko na kliniki Arua."

Nimejibu sawa.

Mume wangu hajui bado. Nikimwambia, nyumba ya wakwe zangu kule Midia itavunjika na mama yao ni mgonjwa. Nisipomwambia, kesho nitamkabidhi Asiku ufunguo wenye chipu kwa mkono wangu mwenyewe.

Basi nitamuuliza pale mlangoni, hata kabla ya kumkaribisha chai. Nampenda sana huyu shemeji yangu. Naomba akane, na akane vizuri kiasi cha mimi kumwamini.