Salamu Nne Zilizokwama kwenye Foleni

Baba yangu mpendwa,

Assalam aleikum.

Haya, nimengoja kidogo, kama ulivyonifundisha. Mtu husalimu, hungoja aitikiwe, ndipo aseme kilichomleta. Wewe huwezi tena kuitika, kwa hiyo nimeacha nafasi ya mstari mmoja tu, sasa naendelea. Simu yako iko hapa mezani kwangu Kisauni, nimeichomeka chaji. Nitakueleza kwa nini.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu akatuuliza kazi za wazazi wetu, nikasema baba yangu anapanga foleni? Darasa zima lilicheka. Nilirudi nyumbani nimenuna, na Jumamosi yake ukanichukua kivukoni Likoni nikaone mwenyewe. Nilitarajia kukuona ukipuliza filimbi na kupungia watu mikono. Filimbi ulikuwa nayo, lakini hukuitumia sana. Kazi yako hasa ilikuwa kutembea. Kila feri ilipojaa, ulitembea kutoka gari la mbele mpaka la mwisho, ukainama kwenye kila dirisha, ukasalimu kwanza, kisha ukasema, "Hini hamuipati. Ngojeni ya pili." Kwa walio nyuma zaidi ulisema ya tatu.

Nilikuuliza kwa nini unajichosha na jua lile, si wataona wenyewe kuwa imejaa?

"Wataona," ukasema. "Lakini ni adabu waambiwe."

Waliotangulizwa walikuwa wawili tu, mgonjwa na maiti. Mwenye gari la fahari alikaa nyuma ya mwenye pikapu ya madafu, akapiga honi mpaka akachoka, nawe ukamwinamia na kumsalimu kama wenzake. Nilijivunia siku ile, ingawa shuleni sikurudi kuwaeleza. Nilijua wangecheka tena.

Nami nikaishia kupanga foleni, ila yangu haina magari. Nilikueleza mara nyingi barazani kwako Mtongwe, wewe ukimenya machungwa. Kuna sarafu ya mtandaoni, ndogo, si ile inayotajwa kila mahali. Haina benki wala mkurugenzi. Ina daftari moja, na nakala zake ziko kwenye kompyuta za watu wa kujitolea dunia nzima, mojawapo ikiwa hii yangu inayonguruma chini ya meza. Mtu akituma chochote, muamala wake hukaa kwenye foleni. Kila baada ya dakika kumi hivi ukurasa mpya huandikwa, nao una nafasi chache. Ukiandikwa umeandikwa, haufutiki. Kazi yangu mimi na wenzangu ni kutunza programu inayoendesha mambo hayo.

Ulisikiliza mpaka mwisho, ukauliza swali moja.

"Sasa nani hutangulia?"

"Anayelipa ada kubwa, Baba."

"Na mwenye mgonjwa?"

"Naye hulipa."

Ukatema mbegu ya chungwa. "Basi hiyo si foleni, mwanangu. Huo ni mnada."

Nilikasirika. Lakini nilikuwekea programu ile kwenye simu, nikakutumia visarafu vichache ujaribu. Pesa zenyewe hukuzijali. Ulichokipenda ni kisanduku kidogo cha maneno kilicho chini ya kila muamala, mahali ambapo watu wengine huandika "kodi ya nyumba" au huacha wazi. Ijumaa ile ile, baada ya sala, ukanitumia kipande kidogo kabisa cha sarafu kinachokubalika, na chini yake ukaandika: Assalam aleikum Zuhura. Nikajibu kwa kipande kingine: Waaleikum salaam, shikamoo Baba. Ukatuma cha pili: Marahaba. Halafu ndipo ukatuma cha tatu, chenye neno lenyewe, kwamba kuku mweupe ameanza kutaga.

Nikakupigia nikicheka. "Baba, yaweke yote pamoja, huo ni muamala mmoja tu. Wewe unatuma mitatu!"

"Kwani mtu hubisha hodi akasema haja yake papo hapo, mlango haujafunguliwa?"

Sikubishana. Kwa hiyo marahaba zako zimo kwenye kompyuta za watu wasiojua Mtongwe iko upande gani wa dunia, na kuku mweupe naye yumo, na hakuna wa kuwatoa.

Kisha Mama akafariki, na wewe ukabaki peke yako na kuku watatu. Nilitaka uje ukae nami Kisauni. Nilikuandalia chumba, nikakuonyesha dirisha na kibaraza chake. Ulisema hewa ya huku haikufai. Mara ya pili ukasema kuku hawapandi ghorofa. Mara ya tatu nikapandisha sauti mbele ya Mama Saumu, jirani yako, nikakwambia, "Basi kaa peke yako, ukianguka utajiokota mwenyewe." Uliingia ndani ukarudisha mlango polepole, na hakuna aliyempigia mwenzake simu tena. Najua aliyestahili kuanza ni mimi. Mdogo ndiye wa kuomba radhi, na mimi nilikuwa mdogo mwenye kiburi.

Kilichobaki kati yetu ni salamu za Ijumaa. Hizo hukuziacha. Assalam aleikum, waaleikum salaam shikamoo, marahaba, basi. Neno la nne halikuja tena, na mimi sikuliuliza. Lakini kila Ijumaa saa nane mchana nilikuwa mbele ya kompyuta, hata chakula kipoe.

Ndipo ikaja ile taka. Mtu mmoja, au kundi, hatujui mpaka leo, alianza kumwaga miamala midogomidogo kwenye mtandao wetu, maelfu kwa maelfu, kila mmoja ukiwa na tangazo kwenye kisanduku cha maneno: umeshinda zawadi, bonyeza hapa. Labda alitaka kutapeli, labda alitaka kutuharibia tu. Kurasa zilijaa upuuzi. Ada ikapanda. Watu wenye shida za kweli wakangoja siku mbili, siku tatu. Wengine walituandikia kwa matusi, wengine kwa kuomba, na wale wa kuomba ndio walioniuma.

Tukakutana kwa simu, watunzaji wote. Mimi ndiye niliyeandika dawa. Sheria yenyewe ilikuwa fupi: muamala wowote mdogo kuliko kiasi fulani, wenye ada ya chini, uwekwe mwisho wa foleni, na usipopata ukurasa kwa siku tatu utupwe. Mwenzangu Baraka, anayekaa Changamwe, aliisoma akakuna kichwa.

"Na wanaotuma vidogo kwa nia njema je?"

"Wataongeza ada."

"Na asiyejua kuongeza?"

"Atajifunza," nikasema.

Sikukufikiria, Baba. Naliandika hili wazi kwa sababu hapa ndipo kosa langu lilipo. Nilifikiria kurasa, nikafikiria wale waliotutukana, nikaona fahari kwamba mistari yangu michache imepita bila kupingwa. Sheria ikaanza kufanya kazi, taka ikapungua, wenzangu wakanipongeza.

Ijumaa iliyofuata salamu yako haikuja. Nikasema umenuna. Ya pili haikuja, nikasema sawa, na mimi nimenuna. Ya tatu niliishika simu, nikatafuta jina lako, nikairudisha mezani. Ya nne sikukaa hata mbele ya kompyuta. Nilifua mapazia.

Jumanne yake Mama Saumu akanipigia asubuhi. Ulikuwa umeanguka uani ukiwapa kuku maji. Presha, walisema. Ulikuwa umeshatangulia walipokufikia.

Nilichukua teksi mpaka kivukoni, na foleni ya magari ilikuwa imefika mbali. Bwana mmoja mwenye mvi akawa anashuka gari kwa gari. Akainama dirishani kwetu, akasalimu kwanza. Nikamwambia nina maiti Mtongwe. Akauliza ni nani, nikakutaja. Alinyooka, akaishika filimbi yake akaipuliza, magari yakasogezwa pembeni, tukapita katikati mpaka mbele. Hakuniuliza senti. Nilikuwa sijalia mpaka hapo.

Ulizikwa alasiri. Wanaume walikupeleka, sisi tukabaki ndani na dua. Mlangoni kwa chumba chako nilikuta begi limefungwa zipu, lina nguo, msala na dawa zako. Nikadhani ulikuwa unajiandaa kwenda hospitali. Siku ya hitima Mama Saumu aliniuliza kuhusu kuku, akasema uliwahi kumwomba awaangalie. Nikamwambia awachukue. Sikuuliza ulimwomba lini. Nilikuwa na wageni wa kuandalia chai.

Simu yako niliirudisha Kisauni ndani ya begi lile, imezima. Ikakaa humo mpaka taka ilipokwisha yenyewe. Siku moja mwagaji wetu alinyamaza, kurasa zikabaki nusu tupu, na sheria yangu haikuwa na cha kuzuia. Wiki mbili zilizopita niliichaji simu nifunge hesabu yako ya sarafu. Programu ilipofunguka ikaanza kufanya kazi. Nilikuwa nimesahau kwamba ina subira kuliko sisi: muamala uliotupwa huutuma upya kila ifunguliwapo, na haimwambii mwenyewe kuwa ulitupwa. Humwonyesha neno moja tu, "unasubiri."

Salamu zako nne zilifika kwenye kompyuta yangu, zote kwenye ukurasa mmoja.

Ya kwanza: Assalam aleikum Zuhura. Ijumaa njema.

Ya pili: Assalam aleikum. Ile ya juzi inasubiri bado. Na mimi nasubiri.

Ya tatu: Assalam aleikum. Ukiitika nina neno.

Ya nne: Assalam aleikum. Naona foleni ni ndefu. Usinitangulize kwa kuwa mimi ni babako.

Niliisoma hiyo ya nne nikatoka kibarazani, nikakaa huko mpaka jirani akaniuliza kama ni mzima. Wewe ulidhani nakuona. Ulidhani nimekaa huku na filimbi yangu, nakuona kule nyuma, na ninatenda haki. Kumbe nilikuwa nimekutupa, na sikuwa na habari.

Nikampigia Mama Saumu, nikamuuliza ulimwachia kuku lini. Akasema, "Babako? Ijumaa ile kabla ya ile yake ya mwisho, mwanangu, katoka msikitini. Kanambia, nangoja mtoto anijibu tu, kisha nendapo nitakwenda. Sikumuuliza wapi. Nilijua ni kwako."

Neno lako nalijua, basi. Ulikuwa unakuja. Begi lilikuwa mlangoni tangu Ijumaa ile ya tatu, nawe ukawa unangoja kuitikiwa salamu ndipo useme.

Sheria sijaifuta, na nadhani ungekubaliana nami. Taka ilikuwa taka, na watu waliumia. Ila nimerudi kwa wenzangu na mstari mmoja wa kuongeza: muamala ukitupwa, mwenyewe aambiwe, na aambiwe kwa nini. Mmoja alilalamika kwamba hilo litaupa mtandao kazi ya ziada bure. Nikamweleza habari za mtu aliyekuwa akitembea juani kutoka gari la kwanza mpaka la mwisho. Baraka akasema anaunga mkono. Wengine wakakubali, sijui kwa kushawishika au kwa kunionea huruma, na mstari umeingia.

Kuitika ndiko kulikonishinda. Wiki mbili nimefungua kile kisanduku cha maneno nikakifunga. Leo ni Ijumaa. Saa nane kasorobo nimeandika: Waaleikum salaam, shikamoo Baba. Nimekuitika. Sema neno lako. Nimetuma kipande kidogo kabisa kinachokubalika, na nimeweka ada ile ile uliyokuwa ukiweka wewe. Ningeweza kuongeza kidogo nikatangulia. Sikuongeza. Nimekaa kwenye foleni pamoja na watu wengine, na ndipo nikaanza kukuandikia barua hii, maana kungoja bila kazi sikuwezi.

Chumba chako bado hakijapangishwa. Kuku mweupe, Mama Saumu anasema, ameatamia tena. Nakuomba radhi kwa maneno ya siku ile barazani, na Mungu akurehemu, akupokee pasipo kukungojesha.

Simu yako imetetemeka sasa hivi, hapa karibu na mkono wangu. Imefika. Nimeigeuza kioo juu, na ninangoja.

Binti yako,
wa Kisauni