Filamu Niliyoisifu Bila Kuiona

Alhamisi, 6 Machi
Nimesahihisha insha za Kidato cha Tatu hadi macho yakauma. Kesho kutwa klabu ya filamu, ukumbi wa kanisa. Wiki mbili nawatangazia watu kwamba tutaona filamu bora kuliko zote. Ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mimi mwenyewe sijaiona. Nimesoma tu inavyosifiwa vitabuni. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Watu ishirini na kitu. Mimi nyuma kabisa. Haikufika saa nzima nikalala. Hakuna aliyeona. Taa zilipowaka nikasimama, nikasema hiyo ndiyo sanaa. Mama Chebet akainua mkono. Anauza viazi vya Elburgon sokoni, na hajawahi kukosa Jumamosi hata moja.

"Mwalimu, mimi imenichosha. Yule mwanaume anatembea tu. Anavuta sigara, anatembea tena."

"Mama Chebet," nikamjibu, "hii si filamu ya watu wa viazi."

Ukumbi ukacheka. Nilifurahi walipocheka. Hilo ndilo linaniuma. Alijifunga leso, akatoka.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Ningekutana naye.

Mchana nimeitazama yote, mlango nimefunga kama mwizi. Saa nzima ya kwanza ni mtu anatembea. Alisema kweli. Nadhani wengi wanaoisifu waliogopa tu kusema wamechoka. Lakini karibu na mwisho mke wa yule mwanaume anakunja nguo za mtoto wao aliyekufa. Moja moja. Nililia. Kwa hiyo sifa hazikuwa za bure zote. Mwongo ni mimi.

Jumanne, 11 Machi
Baada ya shule nikaenda sokoni. Nilimpita mara mbili kabla ya kusimama. Nikamwambia yote: kwamba sikuwa nimeiona, kwamba nililala, kwamba nilimkosea mbele za watu. Aliendelea kujaza debe.

"Pale kwa nguo za mtoto nililia," akasema. "Nilitaka kuuliza kama ni mimi peke yangu. Hamkuningoja nimalize."

Nikasema pole.

"Mimi nilizika mmoja, Mwalimu. Zake bado ninazo."

Mteja akaja. Nikaondoka.

Jumamosi, 15 Machi
Mvua tangu asubuhi. Watu kumi na mmoja. Kabla ya kuanza nilisimama nikawaeleza nilivyodanganya, na nilichomfanyia Mama Chebet. Waliokuwa wamecheka wakaangalia chini.

Yeye hakuja.

Mmoja akauliza kama ya leo ni nzuri jinsi inavyosemwa. Nikasema sijui, sijaiona. Nikazima taa, nikaketi katikati yao.