Majaribio Yamehamishwa

Jumatano usiku, Suna

Kwa hiyo sasa majaribio ni Jumapili. Binamu yangu Achieng', ambaye tayari anasoma kwenye chuo ninachokwenda, alinipigia simu nikifua nguo. Wasichana wa Sabato walimwomba kocha, naye ameyahamisha majaribio ya timu ya voliboli kutoka Jumamosi. Achieng' alifurahi kwa ajili yangu. Nilisema, "Sawa, asante," nikaendelea kusugua soksi ile ile.

Tangu nipate nafasi chuoni, kila aliyeniuliza kuhusu voliboli nimemjibu kwamba Jumamosi tuko kanisani. Ni kweli. Lakini si hilo lililonizuia.

Ninachoogopa ni kuita mpira, kusema "Wangu!" ili wenzangu waniachie. Shuleni nilikuwa nafika mapema chini ya mpira, kisha nanyamaza, na mwenzangu anakuja mbio tunagongana. Mwalimu alichoka nami. Huko chuoni nitatakiwa kupaza sauti mbele ya wasichana nisiowajua.

Nilimwambia Mama tukila. Alicheka mpaka akaliweka tonge chini. "Nyathina, mwanangu, sasa utajificha nyuma ya siku gani?"

Kumbe alimjua mtoto wake muda wote.

Nimechoka, na sikufanya kazi nyingi leo. Nadhani ni huku kujificha.

Mwishoni mwa chakula kilibaki kichwa cha samaki, na dada yangu mdogo akanyoosha mkono. Nikasema, "Changu." Sauti ilikuwa ndogo, ila aliurudisha mkono.

Uwanjani sauti hiyo haitatosha. Nitaenda nayo hivyo hivyo.