Sentensi ya Babu Niliyoiacha

Kwako Babu,

Hadi jana sikuwa nimemwambia mtu: ile hotuba yako ya chungu, mimi ndiye niliyeiharibu.

Ulikuwa ukija kwetu Donholm Jumapili baada ya ibada, karatasi zako zikiwa mfukoni mwa koti, nami nikizinakili kwa herufi kubwa kwa sababu macho yako yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Uliniita karani. Miaka ishirini na miwili bungeni, hukuwahi kuwa waziri wala naibu wake. Baba alisema kile kiti cha nyuma kimeshaujua mgongo wako, na wewe ulikuwa wa kwanza kucheka. Ulipinga sketi fupi, ukapinga mabinti kurithi mashamba, ukatetea mahari ya mbuzi. Wenzako wakatoka kwenda kunywa chai. Nilikuwa nikikutafuta katika magazeti ya maktaba ya shule, ukurasa kwa ukurasa, narudi nyumbani bila la kukuambia.

Ikaja hoja ya kuwaruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Uliandika kwamba mila haikubali, mwenye mtoto alee mtoto. Mimi, niliyekuwa nikisifiwa kwa insha, nikaona maneno hayo hayana ladha. Nikaandika: "Bwana Spika, chungu kilichopasuka hakirudishwi jikoni." Sentensi yako ya mwisho nikaiacha, kwa kuwa ilikipoza chungu changu.

Wabunge wakapiga makofi. Jumapili uliingia na gazeti kwapani.

"Karani, safari hii wamenisikia," ulisema.

Nilingoja uulize sentensi yako iko wapi. Hukuuliza. Sijui hadi leo kama hukuona, au uliona ukayapenda makofi.

Tulipokuzika mwaka jana, dada yangu Mwikali alikuwa bado hajaanza kuvaa sweta kwenye jua kali. Sasa mtoto wake ameacha ziwa na anakunywa uji. Ana masikio yako.

Jumanne Mama alimleta Mwikali shuleni kuomba arudishwe. Niliomba ruhusa darasani nikawashikie mtoto. Mwalimu mkuu hakuwa mkali. Alimpa Mama kiti, akamsifu mtoto, kisha akafungua droo akatoa gazeti lile lile.

"Mama, mimi ni nani nimpinge marehemu mzee?" akasema, na akaisoma sentensi ya chungu polepole, kwa upole, kama mtu anayesoma zaburi.

Mwikali alitazama viatu vyake. Babu, sikuwahi kusikia maneno yangu yakisomewa mtu. Siku ile naandika nilidhani chungu ni chungu tu. Kumbe ni dada yangu, aliyenifundisha kufunga tai, aliyekuwa akinitania, "Acha kalamu, karani, ugali unapoa."

Langoni hakulia. Alimchukua mtoto kutoka kwangu, akasema, "Kumbe Babu alinifukuza hata kabla sijakosa."

Nikarudi darasani na siri yangu. Imenichukua siku tatu kuitoa.

Karatasi yako nilikuwa nimeihifadhi ndani ya atlasi yangu. Jana niliifungua, nikasoma ile niliyoiacha: "Lakini mtoto akishaachishwa ziwa, nyanya yupo, msichana arudi. Hiyo nayo ni mila." Nilikaa nayo hadi kengele ikalia. Uliyaandika hayo kwa mkono wako, na Bunge halikuyasikia kamwe.

Sikuandikii ili unisamehe. Nawe ulisoma ukanyamaza. Lala salama, Babu. Haya mengine ni ya kwangu.

Jana baada ya masomo niliinakili hotuba yako upya, bila kuongeza wala kupunguza, hata palipokuwa na makosa. Chini yake niliandika jina langu na nilichofanya. Nilimpelekea mwalimu mkuu pamoja na karatasi yako. Aliisoma akiwa amesimama, akaniambia Mama afike Jumatatu. Hakusema kwa nini. Nilikwenda nyumbani, nikamweleza Mwikali yote, kisha nikaipiga pasi sare yake.

Mjukuu wako,
aliyekuwa karani