Changu Wakubwa wa Kimbiji

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Kimbiji tena! Pantoni, vumbi, Landrova imezima mara mbili. Chuo Kikuu tumekuja wawili: Dokta Kornelio na mimi, fundi wake wa maabara. Idara ya Uvuvi imemleta Ndugu Aidarus na kalamu zake nne. Tutapima changu wa mwambani kwa pamoja. Wakiwa wadogo watupu, mwamba utafungwa mwaka mzima, marufuku kuvua.

Nahodha Hija katukirimu mno. Wali na changu—kichwa peke yake kimejaza sahani! Nikatoa vile vijiwe viwili vya kichwani vinavyoonyesha umri, nikavifunga kwenye karatasi yenye tarehe. Mazoea. Aidarus akanicheka: Yuliana, hata kwenye sahani upo kazini? Naam, nipo!

Jumatano, 7 Agosti
Tumepima mia mbili na kumi. Hakuna aliyezidi kiganja. Aidarus anasema mwamba umekwisha, Dokta kakubali. Idara na Chuo kuafikiana—maajabu. Mchana changu wa kuchoma, mnono. Vijiwe nimeweka.

Ijumaa, 9 Agosti
Leo niliwatangulia wenzangu pwani. Nikamkuta Hija anatenga samaki wakubwa kabla hatujaitwa kupima. Nikampa shikamoo, nikauliza wanakwenda wapi. Akashangaa.

"Si kitoweo chenu hao, mwanangu? Mgeni hapewi vidogo."

Mungu wangu. Wakubwa tumewala sisi! Watu watatu wenye vyeti, tusione! Mgeni njoo mwenyeji apone—hapa mgeni kaja, mwenyeji anafungiwa mwamba. Nikamweleza. Akakaa mchangani, akauliza Kimbiji watakula nini mwaka mzima. Niliona aibu kweli. Nimemwahidi nitasema.

Jumamosi, 10 Agosti
Tumerudi Chuoni. Maabara. Darubini. Jozi tisa za vijiwe vya milo yetu: miaka minane, tisa, mmoja kumi na mbili! Mwamba uko hai. Sina shaka hata chembe.

Dokta kanuna. Ripoti imeshapigwa chapa. Ananiuliza: leo tukawaambie wakuu wa Idara kwamba tulikula sampuli? Nikamjibu ndiyo, Dokta, tuwaambie.

Jumatatu, 12 Agosti
Mkutanoni, naandika magotini. Aidarus anasoma: changu wakubwa hawapo tena Kimbiji. Dokta ananikazia macho, anatikisa kichwa. Aniache.

Mwenyekiti kashasema mwenye neno anyooshe mkono. Nimenyoosha mkono wa kushoto—adabu baadaye, wa kulia unaandika. Karatasi tisa za vijiwe ziko mezani. Aidarus kaziona. Kazitambua. Kasita katikati ya sentensi, na mwenyekiti ananiambia nisima—