Utelezi wa Chujio la Mama

Luchelele,
Mwanza.
2 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Okech,

Marahaba, ingawa hujaniamkia tangu Pasaka. Natumaini wewe, Faith na watoto ni wazima huko Dar. Mimi mzima. Mama ndiye si mzima, na simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa Venant, anayesafiri kuja huko, barua hii akukabidhi mkononi.

Mama ameharisha hadi akawekewa dripu. Ametoka hospitali Jumanne, amekonda, kanga inamzunguka mara mbili. Na chanzo ni wewe, Okech. Usikunje uso, soma.

Unalikumbuka chujio la mchanga tulilofundishwa kutengeneza, la kuchujia maji ya ziwa. Ulipokuja Pasaka ukaona utelezi juu ya mchanga, ukapiga kelele mbele ya wageni kwamba Mama anakunywa uchafu. Ukavua shati, ukautoa mchanga wote, ukausugua kwa jiki, Faith akakupiga picha. Nilikwambia uache. Ukacheka.

Ule utelezi ulikuwa hai, ndugu yangu! Ni wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho. Walizaliana pale juu taratibu kwa wiki kadhaa, na hao ndio wanaokula vijidudu vya ugonjwa. Mchanga mtupu unazuia takataka tu. Uliwaua wote, halafu huyoo, ukapanda basi.

Na hukuishia hapo. Ulimwachia Mama dumu la jiki, ukamwagiza aoshe mchanga kila Jumamosi. Anaosha! Magoti yanamuuma, anaosha. Kila utelezi ukitaka kuota, anaufuta. Maji yanatoka meupe pee, naye anawatangazia majirani kwamba mwanawe wa Dar ndiye aliyemfundisha usafi.

Nimemsihi aache, achemshe maji kwa sasa. Akaniambia nina wivu na mdogo wangu. Mimi, ninayemfulia mashuka yake! Eti kilichomharisha ni dagaa. Nimelia kwa hasira, sikufichi. Na jana Jumamosi ameosha tena.

Mimi hanisikii. Wewe atakusikia. Mpigie, umwambie kwa kinywa chako: aache jiki, auache utelezi uote, na achemshe maji mpaka uote. Usiseme Roza kasema. Sema ulikosea.

Wasalimie Faith na watoto. Binti yangu Favour anawaamkia. Jirani yetu Modesta, aliyenisaidia kumpeleka Mama hospitali, anawasalimia pia. Mungu awalinde huko, na atulindie Mama huku.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Roza

Chupa aliyokuletea Venant imetoka kwa Mama. Ni maji ya chujio lake, anataka uone yalivyo meupe. Ukiweza kuyanywa bila kuyachemsha, yanywe. Ukishindwa, mpigie Mama leo.